Asterias imenywea, imelainika au imegoma kuchanua: pa kuanzia kabla hujamwaga maji

Wadau, maswali ya hii kaktasi ya nyota yanajirudia mno. Kila baada ya siku chache mtu ananitumia picha ya kitu bapa kama andazi lililokaliwa anauliza imekufa au bado ipo, na ukimuuliza umeshafanya nini anajibu nimeimwagilia, na hapo mara nyingi ndo ugonjwa wenyewe unapoanzia. Kwa hiyo nimekaa nikazipanga dalili ninazoulizwa sana, chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi inatangulia, na vipimo vya bure (macho, kidole, mizani ya jikoni) vinatangulia kabla ya wembe na dawa. Naomba usiruke hatua, hii mimea ni ya pole pole na haraka yetu ndo inaiua.

Mmea ninaouzungumzia ni Astrophytum asterias. Kwao ni eneo dogo sana la dunia, kaunti ya Starr kusini mwa Texas kule Marekani, na ng'ambo ya mto Rio Grande upande wa Mexico kwenye majimbo ya Tamaulipas na Nuevo León. Ni nyika kame ya vichaka vya miiba, yenyewe lakini haina mwiba hata mmoja. Ni kibonge kifupi, upana mara nyingi hauvuki sm 15, mbavu kwa kawaida 8, katikati ya kila ubavu kuna mstari wa vifundo vya sufu na mwili mzima una nukta nyeupe. Zuccarini, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, ndiye aliyeipa jina mwaka 1845. Asterias maana yake nyota, jina hilohilo wanalo viti vya pweza wa bahari za kaskazini, na ukiitazama kutoka juu unaona kwa nini.

Shika tabia mbili za kwao, maana nitazirudia hadi mwisho. Ukame ukija inapoteza maji, inasinyaa na kushuka hadi ilingane na ardhi, vumbi linaifunika, mtu anaweza kuipita hatua moja asiione. Na haikai juani peupe, inakaa chini ya vichaka.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Hili naliweka mwanzo sababu nilishatumia jioni nzima kumshauri dada mmoja wa Mombasa kuhusu asterias yake inayotoa "maziwa", kumbe alichonacho ni Euphorbia obesa ya Afrika Kusini. Simlaumu kabisa. Zinafanana hadi inashangaza, zote bonge, zote mbavu nane, zote hazina miiba, na wala hazina undugu, ukame tu umezifinyanga umbo moja kila moja kwenye bara lake. Kaktasi ni za Amerika, sisi Afrika asili yetu ni moja tu, Rhipsalis baccifera, ile inayoning'inia kwenye miti msituni. Hivi vingine vingi tunavyoviita kaktasi huku porini ni jamii ya mnyaa.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kukata. Tafuta vipamba vidogo vya sufu katikati ya ubavu. Vikiwepo ni asterias. Kama hakuna sufu, na kwenye ukingo wa mbavu kuna vialama kama mshono wa nguo, hiyo ni obesa, na mengi ya hapa chini hayaihusu. Na ukikuta utomvu mweupe kama maziwa kwenye jeraha, nawa mikono kwa sabuni na usiguse macho. Ukiingia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka afu nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Imenywea, imekuwa bapa, inazama kwenye udongo

Hii ndo dalili namba moja na ndo inayoua mimea mingi, sio kwa yenyewe, ni kwa tunachoifanyia baada ya kuiona.

Sababu inayoongoza: imepumzika tu. Mimi niko Dodoma, zangu zinaanza kushuka mwezi wa sita usiku ukiwa wa baridi na hewa kavu, zinakaa hivyo hadi joto la mwezi wa tisa, wa kumi. Bonyeza taratibu kwa kidole pande zote. Kama inabonyea sawasawa kama mpira uliopungua upepo, rangi ni kijani kijivu, na kitovu cha juu kina sufu safi, mmea ni mzima. Uache. Maji kidogo mara moja kwa mwezi yanatosha, na wengine hawatoi kabisa.

Sababu ya pili ni kiu ya kweli, yani ni msimu wa joto, mmea ulikuwa unakua, na udongo umekauka hadi chini. Usichimbe kwa kidole, tumia mizani. Pima chungu siku kimelowa, andika uzito kwa penseli ubavuni mwa chungu, pima tena kikiwa kikavu kabisa, baada ya hapo unakuwa na jibu lako siku zote bila kubahatisha. Kama ni kiu, mwagilia mara moja hadi maji yatokee chini, acha. Ndani ya wiki moja inajaa, mbavu zinatuna na ile mifereji katikati ya mbavu inakuwa myembamba.

Sasa sikiliza ya tatu maana ndo mtego. Umemwagilia, siku kumi zimepita, bado imenywea vilevile. Usiongeze maji! Maana yake mizizi haipo, imekufa, na mmea unakauka ukiwa umekaa ndani ya maji, na kila kikombe unachoongeza kinasogeza uozo juu. Itoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, angalia mzizi mmoja mmoja. Mzizi hai ukiukwaruza kwa ukucha ndani ni mweupe na umekaza. Uliokufa unavulika kama soksi, ganda linabaki kwenye vidole na katikati unabaki uzi mkavu. Kata yote iliyokufa hadi ufike palipo peupe, uweke mmea kivulini penye upepo siku saba hadi kumi kidonda kikauke, afu uukalishe juu ya changarawe kavu bila kuuzika. Baada ya wiki mbili nyunyizia kidogo sana pembeni. Mizizi mipya inaweza kuchukua mwezi, miezi miwili, na muda wote huo utaendelea kunywea na wewe utaumia kuuangalia, vumilia.

Ya mwisho, vidung'ata wa mizizi, wale wadudu wa unga mweupe, ila hawa wanaishi chini. Ukitoa mmea unakuta unga kama wa sembe kwenye mizizi na kwenye kuta za ndani za chungu. Osha mizizi kwa maji, pangusa kwa brashi yenye spiriti, tupa udongo wote mbali na mimea mingine, chungu kioshe kwa maji ya moto. Ukiwakuta kwenye chungu kimoja kagua na vya jirani, hawakai peke yao.

Imelainika, ina doa la maji au la kahawia, inanuka

Hii ni dharura, fanya leo.

Mwaka juzi mwezi wa nne nailoni yangu ya kuzuia mvua ilichanika usiku, nikaigundua baada ya siku mbili. Mimea mitatu. Mmoja kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, kijani, umejaa, chini tu karibu na udongo palikuwa na doa saizi ya punje ya mtama, nikabonyeza kidole kikaingia. Nilipoukata nikakuta pete ile ya katikati, yenye mirija ya maji, imekuwa rangi ya chungwa hadi karibu na kitovu. Ulikuwa na miaka sita, niliupanda mwenyewe kwa mbegu. Toka siku hiyo nabonyeza kila mmoja chini kwenye shingo, sio juu, kila wiki ya masika.

Sababu ya kwanza ni udongo. Watu wanasoma kwamba kwao inaota kwenye mfinyanzi na tifutifu yenye changarawe, ambayo ni kweli, afu wanajaza mfinyanzi kwenye chungu. Kule ardhi ni pana, jua kali, mizizi ya vichaka inashindana kunyonya yale maji hadi yanaisha. Chungu hakina jirani wa kunyonya, maji yanakaa chini wiki mbili. Kwenye chungu weka mawe zaidi ya udongo: sehemu tatu mpaka nne za changarawe ndogo, mawe ya volkano yaliyosagwa au mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, sehemu moja tu ya udongo. Mchanga laini wa kupiga lipu haufai, unashikana.

Sababu ya pili, maji ya mara kwa mara kidogo kidogo, ile tabia ya kijiko kimoja kila asubuhi. Udongo haukauki hata siku moja. Ya tatu, umehamisha mmea chungu na kuumwagilia siku hiyohiyo, mizizi ina vidonda na umevilowesha, ulitakiwa usubiri walau wiki. Ya nne, joto na hewa iliyosimama, hasa Dar, Tanga, Mombasa. Kaktasi inafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, sio mchana, kwa hiyo usiku wa joto na unyevu ambao hauna upepo unaibana. Lakini msikate tamaa watu wa pwani, wakulima wa Thailand wanazalisha asterias kwa wingi kwenye joto na unyevu kama wenu, siri ni paa lisilopitisha mvua na upepo usiokatika, hata feni ndogo inasaidia. Mwisho kabisa kuna kuvu wa kwenye udongo waliokuja na mmea toka dukani, ndo maana mmea mpya naukalisha peke yake mwezi mzima.

Namna ya kuokoa. Wembe mpya, spiriti, kitambaa. Toa mmea, kata kipande chembamba kutoka chini kama unavyokata nyanya, pangusa wembe kwa spiriti, kata tena, pangusa tena, kila mkato bila kuchoka, maana ukitumia wembe mchafu unapeleka ugonjwa juu kwa mkono wako mwenyewe. Angalia ile pete katikati. Hata nukta moja ya chungwa au kahawia ikibaki, endelea. Ukifika pakiwa pote peupe na kijani safi, simama. Paka unga wa salfa kwenye kidonda, ileile wanayopulizia mikorosho Mtwara, kidogo tu kwa brashi. Funika pua na mdomo, usipake upepo ukivuma, na mmea wenye salfa usiweke juani, inaunguza.

Kama kimebaki zaidi ya nusu unaweza kukikausha wiki mbili tatu ukisubiri mizizi, ila kwa kweli asterias iliyokatwa sana ni ngumu kutoa mizizi, mi naona bora uibebeshe, yani uiunganishe juu ya shina la kaktasi nyingine. Na hapa tuna bahati, dragoni fruti zimejaa siku hizi na ni kaktasi pia, shina lake linabeba vizuri. Chukua kipande chenye afya chenye mizizi, kikate juu tambarare, chonga kidogo zile kingo tatu, kata asterias yako upya muda huohuo, zikalishe kidonda kwa kidonda zikiwa bado zina majimaji, hakikisha pete ya huku imegusa pete ya kule walau sehemu moja. Zifunge kwa raba bendi mbili kupita chini ya chungu, sio kwa nguvu, kivulini, usiloweshe kidonda. Baada ya siku kumi fungua. Ikishika utaona inaanza kutuna.

Simama hapa: kama rangi ya chungwa imefika kitovu cha juu, hakuna cha kuokoa. Usiendelee kukatakata. Funga kwenye mfuko utupe na udongo wake, usitie kwenye mboji. Na kama mimea mitatu, minne imeoza ndani ya mwezi mmoja wakati umwagiliaji haujabadilika, hilo sio tatizo la chungu tena, mwite afisa ugani au peleka kipande kwenye maabara ya magonjwa ya mimea ya chuo cha kilimo kilicho karibu, kabla hujanunua dawa yoyote.

Inageuka kahawia lakini ni ngumu

Angalia kahawia inatokea wapi, hilo peke yake linajibu karibu kila kitu.

Inapanda kutoka chini, kavu, kama gome la mti, na juu ni kijani kizuri: ni uzee. Mimea ya miaka mingi inaweka gome chini na gome hilo linapanda taratibu. Hakuna dawa, haihitajiki.

Inashuka kutoka juu, kitovu kimekuwa kama kimepakwa kutu, sufu mpya haitoki: utitiri mwekundu. Ni wadogo mno, chukua karatasi nyeupe, gongagonga mmea juu yake, subiri, ukiona vumbi linatembea ndo wenyewe. Wanapenda joto kavu lisilo na upepo. Uoshe mmea kwa maji jioni upande ule, hamisha penye hewa, rudia kila siku tatu kwa wiki mbili. Wakigoma, dawa ya utitiri kwa kipimo cha lebo, sio "kakifuniko kamoja". Makovu hayatafutika, mmea utakua na kuyasukuma chini miaka na miaka.

Upande mmoja tu, ule unaotazama jua la saa nane: imeungua. Inafuata chini.

Mabaka ya njano, meupe au wekundu mwili mzima

Baka la njano lililogeuka jeupe, gumu, upande wa jua, hilo ni jua. Linatokea zaidi pale mtu ameambiwa kaktasi inapenda jua, anaitoa sebuleni na kuiweka nje saa sita mchana. Ndugu mmoja wa Maskati alinitumia picha za mimea yote minane imeiva ndani ya siku moja, nilihuzunika sana.

Kwao, nilishasema, iko chini ya vichaka, na kimojawapo ni mesquite, ndugu wa karibu wa yule mathenge, mti vamizi aliyeisumbua Baringo kule Kenya. Huku mathenge anafukuzwa, kule nduguye anaifunika nyota yetu na jua. Na upande wa pili wa hadithi unaniuma: nyasi za malisho kutoka Afrika, Cenchrus ciliaris, zilipandwa Texas kwa ajili ya ng'ombe, aina iliyosambazwa sana kuanzia miaka ya 1940 asili yake ni Turkana, na sasa zimefunika nyika hiyo na kuibana asterias isipate nafasi. Nyasi ambazo kwetu ni baraka kwa mfugaji, kule ni mojawapo ya vitisho kwa mmea huu.

Kwa hiyo wape kivuli cha nusu, neti ya kivuli ya asilimia 50 kwa nyanda za juu na zaidi kidogo kwa pwani na Ghuba. Ukitaka kuuzoesha jua anza na la asubuhi, ongeza nusu saa kila siku kadhaa, mwezi mzima. Sehemu iliyoungua haiponi, ila haiui kama ni kavu. Ikianza kulainika nenda kwenye sehemu ya uozo hapo juu.

Wekundu au rangi ya shaba iliyosambaa sawasawa, bila kulainika, ni msongo wa jua, kiu au baridi. Ondoa kinachoikera na kijani kinarudi chenyewe. Njano hafifu mwili mzima na mmea umesimama kukua miezi, mara nyingi ni mizizi au maji ya kisima yenye chumvi. Kinga maji ya mvua, yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko, utaona tofauti.

Kuna weupe

Nukta ndogo zilizopangika, hazitoki ukisugua kidogo, ni zake za kuzaliwa, ni vinyweleo vilivyosongamana. Nyingine zina chache, nyingine zina mabaka makubwa kama theluji, hizo ndo Wajapani walizichagua na kuzikuza wakaziita Super Kabuto. Nimeshaona mtu amesugua nukta zote kwa mswaki akidhani ni ukungu, jamani tafadhali msifanye hivyo.

Ganda la chokaa linalokaa pale tone la maji lilipokaukia ni maji magumu, halina madhara makubwa. Pamba inayonata, iliyojificha kwenye mfereji au chini ya sufu, inayoacha rangi ukiibana, ni vidung'ata: kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti, mmoja mmoja, jioni, rudia kila baada ya siku tano hadi wiki tatu sababu mayai yanabaki.

Imepasuka

Ilikaa na kiu muda mrefu ikanyweshwa ghafla. Usipake kitu, usiloweshe, iache kwenye upepo, mpasuko unakauka kovu. Siku nyingine baada ya kiangazi anza na maji kidogo, wiki inayofuata ndo ujaze.

Inarefuka kama yai badala ya kubaki bapa

Mwanga mdogo, karibu kila mara. Iliyokaa ndani mbali na dirisha inapanda juu kutafuta mwanga na ngozi inakuwa nyororo. Isogeze taratibu, isije ikaungua. Pia iliyobebeshwa inatuna na kurefuka kwa sababu shina la chini linailisha kwa nguvu, hiyo ni kawaida. Na mbolea za kukuzia mboga acheni, naitrojeni ni nyingi mno kwake, mwili unakuwa mlaini na uozo unaingia kirahisi.

Haichanui, au inachanua haizai

Umri kwanza. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka mitatu mpaka mitano, na wengi wanaouliza wana mche wa miaka miwili. Baada ya umri, mwanga. Baada ya mwanga, mapumziko: iliyonyweshwa mwaka mzima inakua tu. Ipe kiu miezi miwili ya baridi, afu mvua na joto vikianza mwagilia, mara nyingi wiki chache baadaye unaona kichwa cha sufu kinasukuma karibu na kitovu. Ua ni la njano lenye moyo mwekundu wa chungwa, linafunguka jua likiwa kali na kufunga jioni, kubwa kuliko unavyotarajia kwenye kibonge kile.

Sasa kuhusu kutozaa, hili ndo watu wanahangaika nalo bila sababu. Asterias haijichavushi. Chavua yake yenyewe inaikataa, ukiwa na mmea mmoja unaweza kupaka brashi hadi jioni hakuna tunda. Kwao nyuki ndo wanaobeba chavua toka mmea hadi mmea, na hii ni hatari kubwa porini, maana mimea ikiachana mbali sana nyuki hawafiki. Unahitaji mimea miwili tofauti iliyochanua siku moja. Na mimea miwili uliyobebesha kutoka mmea mmoja ni mmoja huohuo, haihesabiki. Watoto wa tunda moja wakati mwingine wanakubaliana, wakati mwingine hapana, kwa hiyo badilishaneni mbegu na wenzenu wa miji mingine.

Miche inaanguka

Mbegu mbichi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 inaota ndani ya siku chache, furaha inakuwa kubwa, afu wiki ya pili miche inalala kama imekatwa na wembe. Kuvu. Udongo haukupikwa. Weka mchanganyiko wenye unyevu kwenye sufuria ya mvuke nusu saa, uache upoe ukiwa umefunikwa, ndo upande. Miche ikiwa myekundu kama tofali mwanga umezidi, ikiwa mirefu na myeupe mwanga umepungua. Vijinzi vyeusi vinavyoruka juu ya chungu maana yake unyevu umezidi, mabuu yao yako chini yanakula vimizizi, anza kufungua mfuniko kidogo kidogo na mwaga tabaka la changarawe juu.

Yasiyo ya kujaribu mwenyewe

Viuatilifu vinavyopenya ndani ya mmea msitumie ndani ya nyumba yenye watoto, na msichanganye dawa mbili mkisikia mtu kasema zinasaidiana. Muulizeni afisa ugani. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au macho kuwaka baada ya kupuliza, mtoeni kwenye hewa safi, chukueni chupa na lebo yake nendeni naye hospitali.

Kuagiza toka nje pia usijaribu kimyakimya. Asterias iko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1993 Marekani inailinda kwa sheria ya viumbe vilivyo hatarini, na hata mbegu zinahesabika. Kabla hujalipa, Kenya uliza KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) kuhusu afya ya mmea na KWS (shirika la wanyamapori) kuhusu kibali cha CITES, Tanzania anzia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Na ukitumiwa mmea wa "asili kutoka porini" kwa bei nzuri, usinunue. Angalia picha: mzizi mnene uliokatwa, gome limepanda hadi nusu, makovu ya kung'atwa na wanyama, ngozi yenye vumbi lisilotoka, huo umechimbwa. Kule Texas inachimbwa pia kimakosa na wanaotafuta peyote, kaktasi nyingine isiyo na miiba ambayo inalevya, maana zikiwa zimenywea zinafanana sana, kwa hiyo kila mmoja uliobaki ardhini una kazi. Uliochimbwa mara nyingi unaoza ndani ya mwaka kwenye chungu, na hakuna hatua kwenye mwongozo huu itakayouokoa. Anayetaka kuanza atafute mbegu kumi za mkulima anayeonyesha mimea mama kwenye picha, apike udongo wake, apande mwezi wa kumi joto likianza.